Makoa wa Bahari Waogeleao

Wakati wa bamvua, maji ya bahari yanapokupwa sana, watu wa pwani ya Afrika ya Mashariki hushuka miambani na vikapu na vijiti, wengine wakitafuta pweza, wengine chaza na kome. Maji yaliyobaki katika mashimo ya mwamba huwa safi kama kioo, na ndani yake mna viumbe wengi ambao mtafuta pweza hawatazami mara mbili, kwa kuwa hawaliwi. Mara nyingine katika shimo kama hilo, chini ya jiwe au penye kivuli cha matumbawe, huonekana kitu chekundu kilichokunjamana, mfano wa kipande cha kitambaa kilichotupwa. Mtu akikigusa kwa kijiti, kitambaa hicho hujikunjua. Kingo zake huenea pande zote, zikaonyesha wekundu mkali wenye mabaka meupe. Kisha kitu chote huinuka kutoka chini kikaogelea, kikijipinda mbele na nyuma, na kingo zake zikipeperuka kama pindo la nguo ya mtu achezaye ngoma.

Huyo ni mnyama. Wazungu walimpa jina la mcheza ngoma wa Kihispania, kwa sababu wanawake wa Hispania wachezapo huvaa nguo pana ambazo hupeperuka vivyo hivyo. Wenye elimu ya wanyama humwita Hexabranchus, maana yake mwenye matamvua sita. Kwa ukoo yeye ni koa, ndugu wa koa yule atambaaye bustanini baada ya mvua na kutoboa majani ya mboga.

Kabla ya kuendelea yafaa kuondoa kosa moja. Katika miamba ile ile yumo jongoo wa pwani, mnyama mnene kama mhogo, ambaye hukusanywa, huchemshwa, hukaushwa na kupelekwa China, ambako ni kitoweo cha thamani. Kwa kuwatazama tu, mtu aweza kudhani kwamba jongoo huyo na koa ni ndugu: wote wawili ni laini, wote hutambaa polepole, wote hawana mifupa. Sivyo. Jongoo wa pwani ni wa ukoo wa kiti cha pweza, na mwili wake umepangwa katika sehemu tano kama miale mitano ya kiti cha pweza, ijapokuwa kwa nje haionekani vema. Tena, jambo la ajabu, waliochunguza sana nasaba za wanyama wasema kwamba jongoo wa pwani yu karibu zaidi na samaki, na hata na wanadamu, kuliko alivyo karibu na koa. Basi umbo la nje si shahidi wa kuaminiwa peke yake.

Wenye elimu huwagawanya wanyama kama watu wagawanyavyo jamaa zao: taifa kubwa hugawanyika makabila, makabila hugawanyika koo, koo hugawanyika milango, hata kufika kwenye aina moja moja. Taifa la koa ni la wanyama wenye mwili laini usio na mifupa wala pingili, na wengi wao hujijengea kombe la chokaa. Humo wamo chaza na kome, wenye makombe mawili. Wamo pweza na ngisi. Na wamo konokono wote, wa nchi kavu na wa baharini, pamoja na wale wenye kauri ambazo zamani zilitumika kama fedha. Konokono ana alama zake. Hutambaa juu ya mguu mmoja mpana ulio chini ya tumbo. Mgongoni ana ngozi iliyozidi, mfano wa joho, nayo ndiyo itoayo chokaa ya kujengea kombe. Kinywani ana ulimi mgumu wenye safu nyingi za meno madogo, nao hukwangua chakula kama tupa ikwanguavyo chuma.

Koa ni konokono aliyeacha nyumba yake. Wazee wake wa zamani sana walikuwa na kombe. Yeye hana, au ana kipande kidogo tu kilichofichwa chini ya ngozi. Mtu atauliza, jambo hilo lajulikanaje, ikiwa hakuna aliyekuwapo kuliona? Ushahidi umo katika mayai. Yai la koa wa bahari likianguliwa, atokaye si koa mdogo, bali ni mdudu asiyeonekana vema ila kwa darubini, naye huelea majini akisukumwa na vipande viwili vya ngozi vyenye vinyweleo vitikisikavyo upesi, kama magurudumu mawili yazungukayo. Na mgongoni mwake yumo katika kombe dogo, jembamba, lililozungushwa kama kombe la konokono yeyote. Huchukuliwa na mikondo ya maji siku nyingi. Wakati wake ukifika, hushuka chini, huliacha kombe, magurudumu yake hunyauka, akaanza kutambaa. Kwa hiyo kila koa huyu huzaliwa konokono, kisha akawa koa.

Sasa turudi kwa mcheza ngoma. Urefu wake kwa kawaida ni sentimita 20 au 30, yaani kama shibiri moja au zaidi kidogo. Lakini wameonekana wengine wa sentimita 40, na wachache sana wa 60, ambao hupita mkono mzima wa kupimia nguo. Katika makoa wa bahari wa namna yake hakuna amshindaye kwa ukubwa. Makazi yake ni Bahari ya Sham na Bahari ya Hindi, tangu pwani ya Afrika ya Mashariki hata visiwa vya mbali vya Bahari ya Pasifiki. Mchana hujificha, usiku hutoka kutafuta chakula. Atambaapo, kingo za joho lake hukunjwa juu ya mgongo, na wekundu ulio mkali hufichika. Kichwani ana pembe mbili laini, nazo ni kama pua, kwa kuwa kwazo hutambua harufu zilizomo majini. Nyuma ana matamvua, yaani vishungi vya kuvutia pumzi, navyo husimama wazi mgongoni kama maua. Makoa wengi wa jamii yake huwa na mfuko wa kuyarudisha matamvua ndani wakiguswa. Yeye hana mfuko huo, na kila kishungi kimeota mahali pake peke yake. Kwa alama hiyo hutofautishwa na jamaa zake wote.

Hula sifongo. Sifongo ni mnyama aliyeshikamana na mwamba, asiyeweza kukimbia, naye hujilinda kwa sumu. Sumu hiyo huwazuia samaki, lakini haimzuii koa huyu. Hula sifongo pamoja na sumu yake, kisha huiweka akiba katika ngozi yake mwenyewe. Mwaka 1988 wataalamu walieleza walivyoipata sumu itokanayo na sifongo katika ngozi ya koa na tena katika mayai yake, nayo ilikuwa nyingi humo kuliko katika sifongo wenyewe. Basi wekundu ule unaofunuliwa ghafula ni onyo. Samaki aliyewahi kumwonja mmoja hana haja ya kuonja wa pili.

Mayai hutagwa katika utepe mrefu mwekundu, nao huviringishwa juu ya mwamba hata ukafanana na ua la waridi. Wapiga mbizi wengi wameliona ua hilo wasijue kwamba ni mayai. Kila koa ni dume na jike kwa pamoja. Wakikutana wawili, wote wawili huenda kutaga. Wenye kuyala mayai hayo ni wachache kwa sababu ya sumu, lakini wapo, na mmoja wao ni koa mwingine mdogo, ambaye hukaa juu ya ua lile na kulimaliza kidogo kidogo. Yupo na kamba mdogo mwenye rangi nzuri, asiyezidi urefu wa kidole, ambaye hukaa mgongoni pa mcheza ngoma karibu na matamvua, akila taka zilizoshikamana na ngozi yake na kupata ulinzi bila malipo. Koa akiogelea, kamba naye husafiri.

Mnyama huyu aliandikwa kwanza katika vitabu kwa ajili ya safari za wataalamu wa Kijerumani katika Bahari ya Sham, baada ya mwaka 1820. Kwa muda mrefu wenye elimu waliwahesabu wacheza ngoma wote wa dunia kuwa aina moja, ijapokuwa rangi zao zilitofautiana, wengine wekundu, wengine manjano, wengine wenye madoadoa.  Lakini mwaka 2023 wataalamu walipolinganisha miili na urithi wa makoa waliokusanywa katika bahari nyingi, walionyesha kwamba aina moja ile ilikuwa ni aina kadhaa. Hiyo ni kazi isiyokwisha, kama kazi ya mtu ahesabuye kuku wakati wao wakiingia na kutoka bandani.

Katika habari ya kuwachunguza makoa wa pwani ya Afrika ya Mashariki hapana budi kumtaja mtu mmoja ambaye hakuwa mwalimu wa elimu ya wanyama hata kidogo. Sir Charles Eliot alikuwa mkubwa wa serikali ya Kiingereza katika Afrika ya Mashariki, tangu mwaka 1900 hata 1904. Alijua lugha nyingi. Aliandika hata sarufi ya lugha ya Kifini. Lakini furaha yake ilikuwa makoa wa bahari. Alipopata nafasi Unguja na pwani ya bara aliwatafuta miambani, na mtaalamu mwingine, Cyril Crossland, aliyekusanya viumbe vya bahari ya Unguja mwaka 1901 na 1902, alimpa wale aliowapata. Kutokana na kazi hiyo Eliot aliandika makala kadhaa, zikapigwa chapa London. Baadaye alikuwa balozi wa Uingereza katika nchi ya Japani, akafa mwaka 1931 akiwa chomboni katika safari ya kurudi kwao, akazikwa baharini. Watu wa siasa humkumbuka kwa ugomvi wa mashamba ya Kenya. Wenye elimu ya makoa humkumbuka kwa jambo jingine: alisisitiza kuwatazama wakiwa hai. Koa akitiwa katika chupa ya spiriti, rangi yake hutoka na mwili wake hujikunyata, na mtaalamu wa Ulaya afunguaye chupa hiyo huona kinyama cheupe tu kama kipande cha ngozi iliyochemshwa. Kwa sababu hiyo koa wa aina moja aliweza kupewa majina matatu au manne na watu mbalimbali, kila mtu akidhani amegundua kipya.

Wacheza ngoma huogelea wapendapo, kisha hurudi mwambani. Wako makoa wengine ambao hawakanyagi chini maisha yao yote. Hao mguu wao umegeuka kuwa mabawa.

Mwaka 1773 mfalme wa Uingereza alituma merikebu mbili, Racehorse na Carcass, kutafuta njia ya kupita kwenye ncha ya kaskazini ya dunia. Mkubwa wao alikuwa Constantine Phipps. Na katika merikebu ya pili alikuwamo kijana wa miaka 14, Horatio Nelson, ambaye baadaye alikuwa jemadari mashuhuri wa bahari. Barafu iliwazuia upande wa kaskazini wa visiwa vya Spitsbergen, wakarudi bila njia. Lakini Phipps aliandika habari za wanyama aliowaona, na katika kitabu chake cha mwaka 1774 wamo vinyama viwili vya baharini ambavyo tangu hapo vimetajwa pamoja, kwa kuwa kimoja humla mwenziwe.

Wa kwanza huitwa Limacina, au kipepeo wa bahari. Ana kombe jembamba mno, lipitishalo nuru, lililozungushwa kuelekea kushoto, na kwa kawaida halifiki sentimita moja na nusu. Katika mlango wa kombe hutoka mabawa mawili, ambayo kwa asili ni mguu wa konokono uliopasuliwa sehemu mbili. Huyapiga kwa namna ya nambari nane. Wataalamu walimpiga picha za upesi sana, na mwaka 2016 wakaeleza kwamba mwendo wa mabawa yake ni sawa na ule wa nzi mdogo arukaye angani. Kwa hiyo jina la kipepeo si mchezo tu. Akitaka kula hutoa utando wa ute mkubwa kuliko mwili wake, akaning'inia chini yake kimya, na vimelea vidogo na mimea midogo ya maji hunasa humo. Kisha huuvuta utando akaula pamoja na vilivyonaswa. Akishtuliwa huutupa utando, hufunga mabawa, akazama kama kijiwe.

Wa pili ni Clione, ambaye watu humwita malaika wa bahari. Hana kombe, alilizaliwa nalo, akalitupa baada ya siku chache. Mwili wake ni kama kioo, hata moyo na matumbo huonekana, mekundu kidogo kama rangi ya chungwa lililoiva. Katika bahari za kaskazini aweza kufikia sentimita 7 au 8. Hupiga mabawa yake mara moja au mbili kwa sekunde, akapanda na kushuka majini kwa utulivu mwingi, na kila amwonaye mara ya kwanza husema kwamba jina la malaika lamfaa. Hajamwona akila. Akimgusa kipepeo wa bahari, kichwa chake hupasuka katikati, na mikono sita yenye kunata huchomoza ghafula, kabla mtu hajamaliza kupepesa jicho, ikamkamata kipepeo na kombe lake. Humgeuza hata mlango wa kombe uelekee kinywani. Kisha hutoa ndoana zilizofichwa kinywani, huziingiza katika kombe, akamng'oa mwenyewe mzima mzima, akamla. Kombe tupu huachwa likazama. Malaika huyo hali kitu kingine. Chakula chake ni kipepeo wa bahari peke yake.

Naye ana adui wa namna isiyotazamiwa. Katika bahari ya kusini, chini ya barafu, yuko ndugu yake ambaye hutengeneza mwilini kitu kichungu, na samaki akimtia kinywani humtema mara moja. Mdudu mmoja mdogo wa jamii ya kamba amejua kuitumia hali hiyo. Humkamata malaika, humbeba mgongoni akimshika kwa miguu ya nyuma, akaenda naye huku na huku kama mtu aliyebeba ngao. Samaki akimwona mdudu pamoja na mzigo wake humwacha. Mambo hayo yalielezwa mwaka 1990 na wataalamu waliofanya kazi katika nchi ya barafu ya kusini.

Vinyama hivi viwekwe katika kabila gani? Swali hilo limewashughulisha wenye elimu zaidi ya miaka 200. Mfaransa Georges Cuvier, mwaka 1804, alipoona mabawa yao, alisema kwamba hao si konokono, wala si pweza, wala si chaza. Akawafanyia kabila lao wenyewe, akaliita Pteropoda, yaani wenye miguu ya mabawa. Miaka 20 baadaye Mfaransa mwingine, Blainville, akawagawanya milango miwili, wenye kombe na walio uchi. Kisha kati ya mwaka 1872 na 1876 merikebu ya Kiingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia ikichota wanyama katika vilindi, na Mbelgiji Paul Pelseneer akapewa wale wenye miguu ya mabawa awachunguze. Aliwapasua kwa uangalifu, akatazama mishipa, moyo, ulimi na meno, na mwaka 1888 akaamua mambo mawili. La kwanza, hao hawana kabila lao wenyewe; ni konokono kama konokono wengine, ila mguu wao umegeuzwa. La pili, wenye kombe na walio uchi hawatoki kwa babu mmoja. Kila mlango ulijifunza kuogelea peke yake, na mabawa yao hufanana kwa kuwa kazi yao ni moja.

Katika jambo la kwanza Pelseneer alisema kweli, wala hakuna ambishiaye sasa. Jambo la pili lilikubaliwa na wengi kwa muda wa miaka mia. Lakini katika kila chembe ya mwili wa mnyama mna urithi alioupata kwa wazazi wake, nao waweza kusomwa kama mtu asomavyo kitabu cha nasaba. Wataalamu walipousoma, kwanza sehemu chache, kisha sehemu nyingi sana, mwaka 2020 walitoa hukumu kwamba wenye kombe na walio uchi ni watoto wa babu mmoja, na babu huyo aliishi zaidi ya miaka milioni 130 iliyopita. Basi Cuvier, aliyewaweka pamoja, alikuwa amepata sehemu ya ukweli kwa kutazama tu.

Habari hiyo yaonyesha jinsi kazi hii ilivyo ngumu, kwa maana kuogelea kwenyewe si alama ya ukoo. Popo na ndege wote huruka, lakini popo hunyonyesha na ndege hutaga. Vivyo hivyo kati ya makoa. Mcheza ngoma huogelea kwa kingo za joho, malaika kwa mguu uliopasuliwa, na nasaba zao ziliachana zamani. Jamaa wa karibu zaidi wa wenye miguu ya mabawa ni sungura wa bahari, koa mnene alaye mwani, mwenye pembe mbili kama masikio, ambaye akichokozwa humwaga wino wa zambarau. Baadhi ya sungura hao huogelea pia kwa ncha za mguu zilizopanuka pande mbili. Mishipa ya fahamu ya sungura wa bahari ina chembe kubwa sana, nyingine zikionekana bila darubini, na kwa kuzichunguza Eric Kandel wa Marekani alijifunza jinsi mnyama awekavyo kumbukumbu, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2000. Hata jina lile la kale la kabila lililowakusanya makoa wote wa bahari, lililotolewa na Milne-Edwards mwaka 1848 kwa maana ya wenye matamvua nyuma ya moyo, limeachwa tangu karibu mwaka 2010, kwa kuwa urithi ulionyesha kwamba baadhi yao wana undugu na konokono wa nchi kavu kuliko walivyo na makoa wenzao.

Yuko mwingine aliyewadanganya wataalamu kwa njia nyingine. Phylliroe ni koa wa bahari za joto, mwembamba kama jani, mwenye umbo la samaki, naye huogelea kwa kujipinda kama samaki, na usiku hutoa nuru. Mara nyingi alionekana ana konyeza mdogo aliyeshikamana na kifua chake. Watu wakasema, konyeza huyu ni kupe; amemganda koa apate kumnyonya. Wakampa hata jina la konyeza kupe. Mwaka 1963 mambo yaligeuka. Wataalamu wawili waliolea wanyama hawa katika maji ya bahari walionyesha kwamba koa akiwa mtoto mdogo sana huingia ndani ya konyeza aliye mzima, akamla polepole, hata mla akawa mkubwa na mliwa akawa kipande kidogo kilichoning'inia. Kupe alikuwa koa mwenyewe.

Yabaki habari ya kombe la kipepeo wa bahari, na hiyo yahusu zaidi ya kipepeo peke yake. Watu wa pwani hujua kwamba makombe na matumbawe yakichomwa hupatikana chokaa ya kujengea nyumba. Mwanafunzi akitaka kuona udhaifu wa chokaa, na atie kauri ndogo au ganda la yai katika maji ya ndimu: povu litatoka, na baada ya muda ganda litakuwa laini. Ukali hula chokaa. Sasa watu wanapochoma makaa ya mawe na mafuta katika mitambo na motokaa, hutoka hewa ya ukaa, na kama robo ya hewa hiyo hunywewa na bahari. Humo hugeuka kuwa ukali mwepesi. Maji ya bahari hayajawa ndimu, wala hayatakuwa; lakini tangu siku za mitambo ya kwanza ukali wake umezidi kwa robo na zaidi, na maji ya baridi, ambayo hunywa hewa nyingi, ndiyo yaliyo katika hatari kwanza. Kombe la kipepeo ni la namna ya chokaa iyeyukayo upesi kuliko nyingine.

Mwaka 2005 wataalamu walieleza jinsi walivyowatia vipepeo hai wa aina moja katika maji yaliyofanywa kuwa kama yatazamiwavyo kuwa katika bahari ya kusini mwaka 2100. Kwa muda wa saa 48 makombe yao yalianza kuliwa. Wengine, mwaka 2012, wakaonyesha makombe ya vipepeo waliovuliwa wakiwa hai katika bahari ile ile, nayo yalikuwa yamekwisha kuliwa kwa nje bila mtu kuyatia katika chombo chochote. Hata hivyo hawakukubaliana wote. Wako waliochunguza wakaona kwamba kombe hufunikwa kwa ngozi nyembamba iliyo ngozi ya kinga, na mahali ilipochubuka kipepeo huziba kwa ndani kwa chokaa mpya, kama fundi apigaye lipu ukuta. Lakini chokaa hiyo hutaka chakula na nguvu, na ukuta ukiharibika upesi kuliko fundi awezavyo kuutengeneza, nyumba haitasimama.

Vipepeo hawa huliwa na samaki wengi wa kaskazini, kama salmoni, ambao nao huliwa na watu. Tena huliwa na ndege wa bahari na nyangumi. Malaika wa bahari aweza kustahimili njaa kuliko wote: waliowekwa katika vyombo bila chakula waliishi karibu mwaka mzima, wakipungua mwili kidogo kidogo, na mabawa yao yakizidi kupiga. Baada ya hapo sharti apate kipepeo.